Njia ya nywele niiweke upande gani? Jibu kwa mpambe wa Tanga

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 27, niko Tanga. Uso wangu ni wa duara na paji ni pana. Nywele zangu ni za asili, kipilipili kabisa, dawa niliacha miaka mitatu iliyopita. Tangu nimalize shule nachana njia upande wa kushoto, na nikisuka rasta msusi anaanzia hapo hapo. Siku hizi naona pembeni kushoto pamepungua nywele, halafu ile njia yenyewe imekuwa pana. Desemba dada yangu anaolewa na mimi ndiye mpambe wake. Rafiki zangu wanasema nigawe katikati, ndiyo inayotamba sasa. Wewe unanishauri njia ipi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa harusi inayokuja.

Nianze na jibu lenyewe: hamia kulia. Njia ianzie juu ya kilele cha nyusi ya kulia, pale nyusi inapopanda kuliko kwingine, iende nyuma kwa mshazari kuelekea utosini, na iishe vidole viwili kabla ya kufika utosini. Ya katikati iache kwa sasa. Na kabla hujasuka njia yoyote, zipe nywele za mbele mapumziko, maana habari ya pembeni kushoto imenishughulisha kuliko habari ya uso. Sasa nikueleze sababu, ili hata ukienda kwa msusi asiyekujua uweze kumwelekeza.

Tuchukue uso kwanza. Hakikisha kweli ni wa duara. Wengi wanaokaa kwenye kiti changu wakisema uso wao ni wa duara, nikiwapima nakuta ni wa mraba, au wa yai wenye mashavu yaliyojaa. Azima futikamba kwa fundi cherehani, funga nywele zote nyuma, kisha pima kutoka ukingo wa nywele katikati ya paji hadi ncha ya kidevu. Halafu pima upana, kutoka shavu hadi shavu, pale mfupa ulipotokeza zaidi. Vipimo vikikaribiana na taya likawa limeviringa, huo ni duara. Vikikaribiana lakini taya lina kona chini ya masikio, huo ni mraba. Urefu ukifika kama mara moja na nusu ya upana, ni yai, na ukizidi hapo ni uso mrefu. Usijipime kwa picha uliyojipiga mwenyewe kwa mkono, kwa sababu kamera ikiwa karibu hukuza pua na kuyabana mashavu. Mpe mtu simu asimame kama mita mbili mbele yako.

Tuseme umepima na ni duara. Njia ya katikati hulipeleka jicho la mtazamaji kwenye mstari wa pua na mdomo, na huonyesha pande mbili zinazolingana. Uso wa duara ukigawanywa hivyo, nywele zikalazwa nyuma, mashavu yote mawili hubaki wazi na kinachoonekana ni upana. Njia ya pembeni inaleta mshazari. Upande wenye nywele nyingi unainuka kidogo kabla ya kushuka, na kule kuinuka kunaongeza kimo cha uso. Upande mwingine unatulia karibu na sikio. Paji nalo linafunikwa kipande, kwa hiyo hutalazimika kukata nywele za mbele ili kulificha.

Rafiki zako hawajakosea kabisa. Katikati hupendeza sana uso wa duara pale nywele zinaponing'inia mbele ya mashavu na kupita kidevu, kama rasta ndefu zilizoachwa wazi. Zinakuwa kama mapazia mawili, uso unaonekana mwembamba. Ila njia ya katikati inafunua pembe zote mbili za paji, na ya kushoto ndiyo unayotaka ipumzike na isionekane. Ukigawa kulia, nywele zinavuka kwenda kushoto na kupafunika bila kupakazwa jeli wala kuvutwa.

Kuhusu njia iende mbali kiasi gani pembeni, tumia jicho lako kama kipimo. Ukisimamisha kitana wima juu ya mboni unapata njia ya pembeni ya upole, inayomfaa karibu kila mtu. Juu ya kilele cha nyusi ni ya wastani, ndiyo ninayokupa wewe. Juu ya mwisho wa nyusi, upande wa sikio, ni ya mbali sana. Hiyo inapendeza kwenye picha, lakini kwa nywele nzito au rasta, mzigo mkubwa unalalia upande mmoja na mizizi iliyo kando ya mstari ndiyo inayoubeba. Usifike huko.

Wengine mnaosoma hapa, nisiwaache. Mwenye uso mrefu asitafute kimo zaidi: katikati, au pembeni ya upole yenye nywele zilizojaa masikioni, vinamfaa. Mwenye uso wa mraba ahamishe njia kidole kimoja tu kutoka katikati na asiuchore mstari ukanyooka mno, ukipindapinda kidogo ni bora. Mwenye paji pana na kidevu chembamba avae katikati bila wasiwasi, mradi nywele zijae usawa wa taya. Wa yai achague anavyopenda.

Sasa nywele zenyewe, ambazo mara nyingi huamua kuliko uso. Kila kichwa kina mahali utosini ambapo nywele zinaota kwa kuzunguka, na wengine wana mahali pawili. Mzunguko huo, kwa walio wengi, unakwenda kama mishale ya saa, na ndio unaoelekeza nywele za mbele zilale upande gani. Mwenye nywele za singa au za dawa hupata njia yake ya asili kwa urahisi: azilowanishe, azichane zote nyuma, kisha asukume utosi mbele taratibu kwa kiganja. Zitapasuka zenyewe mahali fulani. Akitaka kuihamisha, achore mstari mpya zikiwa bado na unyevu, abane mizizi ya pande zote mbili kwa vibanio, aache zikauke. Arudie kila akiosha. Baada ya wiki kadhaa zitazoea.

Kwa kipilipili mambo ni tofauti, na hapa ndipo ushauri mwingi wa majarida ya nje unapopotea. Unywele wetu si mviringo ukiukata, ni bapa, na mzizi wake umepinda ndani ya ngozi, hivyo unatoka tayari ukijikunja. Hauna haja ya kulala upande wowote. Uzuri wake ni kwamba njia inaweza kukaa popote na ukaihamisha leo leo. Ugumu ni kwamba zikiguswa na maji zinajikunja na mstari unamezwa. Kwa hiyo zinyooshe kwanza bila moto: zioshe, paka mafuta, suka mabutu makubwa sita au nane au zifunge kwa uzi mweusi kama bibi zetu walivyofanya, ulale nazo. Asubuhi zifungue ndipo uchore.

Kuchora kwenyewe kunahitaji subira ya dakika chache. Kaa mbele ya kioo chenye mwanga unaotoka mbele yako. Chukua kitana cha mkia, ncha iwe butu, isikwaruze. Weka ncha kwenye ukingo wa nywele juu ya kilele cha nyusi, iguse ngozi, uiburute nyuma kwa mshazari bila kuinua mkono. Ukisimama katikati na kuanza upya, mstari utakuwa na kona. Kisha tenganisha kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande, ukianzia mbele kwenda nyuma. Nywele zinazobaki zimevuka mstari zirudishe kwao kwa ncha ya kitana, moja moja, usizivute. Paka mafuta kidogo kando ya mstari, funga kitambaa cha satini dakika kumi, ndiyo basi. Ukipenda afro isiyochorwa sana, pasua kwa vidole tu. Njia itaonekana kama kivuli, na kwa uso wa duara kivuli hicho kinatosha.

Wapo wanaodhani njia ni mapambo ya nywele za singa. Waangalie picha za Patrice Lumumba mwaka 1960 akiwa waziri mkuu wa Kongo, au za Nelson Mandela alipokuwa wakili kijana Johannesburg miaka ya 1950. Nywele kipilipili, fupi, na njia ya pembeni imenyooka kabisa. Kwenye nywele fupi kiasi hicho kitana hakitoshi, kinyozi huichonga kwa wembe au mashine. Kama una kaka anayetaka kupendeza harusini naye, mwonyeshe hizo.

Turudi pembeni kushoto. Umesema miaka yote njia ni hiyo hiyo, na rasta zinaanzia hapo hapo. Nywele zikivutwa mahali pamoja kwa muda mrefu, mizizi huchoka, unywele unaoota unakuwa mwembamba, mwisho haurudi. Huanzia pembeni mwa paji na mbele ya masikio kwa sababu nywele za pale ni laini na chache, na ndizo wasusi wengi hupenda kuzikaza ili kichwa kionekane nadhifu. Habari njema ni kwamba ukiwahi, zinarudi. Ukichelewa, ngozi hufanya kovu ndani na tundu la unywele hufungika.

Jikague hivi. Simama mlangoni mchana, kioo mkononi, vuta ngozi ya pembeni kidogo kwa kidole. Ukiona vinywele vifupi vyembamba vimebaki ukingoni na matundu madogo bado yanaonekana kwenye ngozi, mizizi iko hai. Ukiona vipele kwenye mizizi, wekundu, au magamba yanayozunguka unywele kama pete, kuna kitu kinavutwa sasa hivi, na kama umesuka, fumua leo usingoje wikiendi. Ukiona ngozi laini inayong'aa, haina hata tundu, usipoteze hela kwa mafuta ya mnyonyo wala maji ya vitunguu. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Bombo, uombe kuelekezwa kwa daktari wa ngozi. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi kilichoanza mwaka 1992, si mbali sana na Tanga kama itabidi.

Na hiyo njia iliyopanuka iangalie peke yake. Ikiwa imepanuka mbele tu, pale rasta zinapoanzia, inawezekana ni uvutaji ule ule. Ikiwa upana unaongezeka kadiri unavyokaribia utosini, na utosi unawasha, unachoma au unauma ukiugusa, hilo ni jambo jingine. Upo ugonjwa unaoanzia utosini na kutanuka kama duara, unawapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, nao huacha kovu. Huo hausubiri harusi ipite, onana na daktari mapema. Vilevile mtaje kama umejifungua karibuni, kama hedhi yako ni nzito, au kama kuna matatizo ya tezi ya shingo katika familia, maana upungufu wa madini ya chuma na tezi hupunguza nywele kichwa kizima na njia ndiyo inayoonyesha mapema.

Kama ukaguzi wako umeonyesha mizizi iko hai, tufanye mpango. Kwanzia sasa hadi wiki mbili kabla ya harusi usisuke rasta za mbele. Ukitaka kufungwa nywele, suka twende kilioni kubwa kubwa bila nywele za kuongezea, zisikazwe, na ukingo wa mbele, upana wa kidole kimoja, ubaki nje bila kusukwa. Kila ukifumua, badilisha njia. Wiki hii kulia, safari nyingine katikati, nyingine bila njia kabisa. Nakuomba hili ulishike, kwa sababu hata nikikuchagulia njia nzuri kiasi gani, ukiikalia miaka mitano itakufanyia yale yale ya kushoto.

Watu wa pwani tunasahau ushungi. Kama unajifunga kila siku, tazama kibanio chako kinakaa wapi na fundo la nywele liko wapi chini yake. Fundo likiwa palepale kila siku na kitambaa cha pamba kikisugua pembeni mwa paji, nywele zinakatika hata ambaye hajawahi kusuka. Vaa kitambaa cha satini ndani, shusha fundo leo kisogoni na kesho juu zaidi, na ukifika nyumbani fungua kichwa kipate hewa.

Kwa siku ya harusi una machaguo mawili, rasta au wigi. Ukisuka rasta, omba zisizo na fundo mwanzoni, zile ambazo msusi anaanza na nywele zako mwenyewe kisha anaongeza za bandia kidogo kidogo akishuka. Mzizi haubebi uzito wote kwa mara moja. Ziwe za ukubwa wa wastani na ziishie kwapani, zisifike kiunoni. Mweleze apange vyumba, yaani vile visehemu vya kila rasta, kama matofali yanavyopangwa ukutani, kila mstari uangukie katikati ya ule wa chini yake, usionekane mchirizi wa ngozi isipokuwa pale mlipochagua njia. Pembeni kushoto achukue vyumba vikubwa vyenye nywele nyingi zako na chache za kuongezea. Nywele fupi zisizofika aziache, asizikamate kwa jeli. Ukisikia maumivu ukiwa bado kwenye kiti, sema hapo hapo. Nywele za kusukwa hazitakiwi kukulaza na panadoli. Suka siku nne au tano kabla ya harusi, na zisikae kichwani zaidi ya wiki sita hadi nane.

Ukivaa wigi, angalia leizi, ule wavu mwembamba unaoshika nywele na kuonekana kama ngozi, kabla ya kulipa. Kuna wigi zenye mstari mmoja tu wa leizi katikati na mwingine mwembamba ukingoni mwa paji: hizo njia yake ni moja, ukijaribu kuihamisha utaona nyuzi za kushonea. Yenye kipande cha inchi nne kwa nne inakuruhusu kusogea kiasi, lakini haitafika kwenye kilele cha nyusi kwa kila mtu, kwa hiyo ijaribu kichwani ukiwa dukani. Yenye leizi ya inchi kumi na tatu kwa nne, inayotoka sikio hadi sikio, ndiyo inayokubali njia ya kulia unayoihitaji. Ila usiibandike kwa gundi pembeni kushoto. Tumia mkanda wa ndani au vibanio, na kibanio cha kushoto kihamishie nyuma ya sikio.

Jambo la mwisho kabla ya saluni. Wasusi wengi huonyeshwa picha mtu aliyojipiga mbele ya kioo, na picha hiyo imegeuka: kulia kwako kunaonekana kushoto. Simu nyingine pia hugeuza picha za kamera ya mbele. Kwa hiyo usimwachie picha peke yake. Gusa kilele cha nyusi yako ya kulia, mwambie aanzie hapo, na kabla hajaanza kusuka mwombe achore mstari, upige picha, uitazame. Jaribu na katikati kwenye kiti hicho hicho kama roho bado inaitaka. Kuchora ni bure, na dada yako bibi harusi akiwepo atakuambia ukweli.

Wakati huo huo piga picha ya pembeni kushoto leo, nje, mchana, nywele zikiwa kavu na zimefumuliwa. Ukishafumua baada ya harusi piga nyingine mahali hapo hapo na saa hiyo hiyo, kisha niandikie na uzitume zote mbili. Kama hapajajaa, nitakushauri usisuke tena mbele hadi daktari apaone.